Injini ya Kobe: Nguvu Zaidi kwa Fedha Kidogo



Ukurasa huu ni wa kilimo na ufugaji. Mwezi uliopita tuliongea juu ya kukausha mahindi. Leo tutaongea juu ya injini ya gari. Usishangae. Maziwa hayafiki sokoni kwa miguu yake.

Vijana wa kikundi kimoja cha wafugaji wameniuliza swali. Wanalo gari la zamani la Volkswagen, lile lenye mgongo kama kobe. Wanabebea makopo ya maziwa. Likifika kwenye mlima linachoka na kutoa moshi. Wamesikia kwamba injini yake inaweza kukuzwa. Je, wafanye hivyo? Fedha walizonazo ni za maziwa ya miezi mingi. Zikipotea gereji, itabidi mitamba iuzwe.

Cheti changu ni cha kilimo, si cha ufundi wa magari. Lakini kwa miaka mingi niliwatembelea wakulima kwa gari la namna hiyo, na injini yake naifahamu.

Kwanza tuelewe jinsi inavyofanya kazi. Injini ya kobe iko nyuma. Ina silinda 4, mbili kila upande, zimelala. Haina rejeta wala maji. Inapozwa kwa upepo. Feni inayozungushwa na mkanda inapuliza hewa juu ya silinda. Kila silinda ina mapezi mengi membamba, kama mapezi ya samaki. Mapezi hayo ndiyo yanayotoa joto nje. Oili pia inasaidia kupoza. Tafadhali kumbuka jambo hili, kwa sababu tutalirudia: ukiongeza nguvu umeongeza joto.

Sasa tuseme juu ya ukubwa. Ukubwa wa injini ni nafasi ambayo pistoni zinapita ndani ya silinda. Hupimwa kwa sentimeta za ujazo, au sisi kama mafundi wanavyosema. Kobe wa mwaka 1954 alikuwa na sisi 1192. Baadaye zikaja injini za 1300, 1500 na 1600. Ile ya 1600 ina sisi 1584.

Unaweza kupiga hesabu hii mwenyewe. Chukua upana wa silinda kwa sentimeta. Zidisha upana kwa upana. Zidisha kwa 0.7854. Zidisha kwa mwendo wa pistoni. Mwisho zidisha kwa 4, maana silinda ni 4. Injini ya 1600 ina upana wa sentimeta 8.55 na mwendo wa sentimeta 6.9. Jibu ni 1584 na kitu kidogo. Ukiweka silinda za upana wa sentimeta 9.05, yaani milimita 90.5, jibu ni kama 1775. Wauzaji wa vipuri huiita injini ya 1776. Umepata sisi 190 hivi zaidi. Ni karibu sawa na kuongeza debe moja juu ya madebe manane. Ni msaada mzuri, lakini kobe hawezi kugeuka lori.

Na je, nguvu hizo zinahitajika? Mwaka 1962 Volkswagen ya 1200, ikiendeshwa na Tommy Fjastad, ilishinda mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Volkswagen ilikuwa imekwisha kushinda mwaka 1954 na mwaka 1957. Walipita katika matope na milima kwa injini ndogo. Injini zao zilikuwa nzima, basi. Mara nyingi gari linaloshindwa mlima si dogo, ni gonjwa.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua kitu chochote. Zima injini. Shika ile puli kubwa ya chini inayozungusha mkanda. Isukume ndani, kisha ivute nje kwa nguvu. Ikiwa inacheza na kugonga "tok, tok", beringi za krenki au bloku lenyewe limekwisha. Pistoni mpya hazitaponya ugonjwa huo. Kisha mwombe fundi mwenye kipimo apime nguvu ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, valvu au ringi zimeharibika. Pima pia nafasi za valvu injini ikiwa baridi kabisa. Ziwe milimita 0.15. Nimeona magari mengi yakipata nguvu tena kwa kurekebisha valvu, plagi na platini tu. Gharama yake ni ndogo kuliko bei ya kuku wachache.

Ikiwa injini yako ni nzima, usiifungue. Weka fedha zako. Lakini ikiwa ringi zimekwisha na silinda zimelika, itakubidi ununue silinda na pistoni kwa vyovyote. Hapo ndipo kukuza injini kunaleta maana. Seti kubwa haizidi sana bei ya seti ya kawaida. Gharama inayoongezeka hasa ni ya kukereza.

Kuna seti ya milimita 87 ambayo inaingia bila kukereza kitu. Inatoa sisi 1641. Watu wengi huikimbilia kwa sababu ni rahisi. Mimi siipendi. Ili iingie mahali pa silinda ndogo, ukuta wake umefanywa mwembamba. Ukuta mwembamba ukipata joto hupinda, kisha unavujisha moshi na kula oili. Kwa gari la mizigo hiyo ni hasara. Seti ya 90.5 ina ukuta mnene. Lakini ni lazima bloku na vichwa vya silinda vikerezwe ili vipokee upana huo.

Kazi ya kukereza ipelekwe kwa fundi mwenye mashine, mjini. Usikubali mtu akuambie kwamba ataifanya kwa tupa. Angalia pia hatari hii: bloku la injini hii limetengenezwa kwa madini mepesi yenye magnesi. Unga wake ukishika moto unawaka kwa mwanga mkali mno, na ukimwagia maji moto unazidi. Weka mchanga mkavu karibu. Watoto wasichezee mabaki yake jikoni.

Kama injini yako ni ile ya zamani ya 1200, silinda za 90.5 hazifai bloku lake. Tafuta injini ya 1600 iliyokufa. Kombi nyingi za zamani zilikuwa na injini hiyo hiyo. Katika injini mbovu ya Kombi unahitaji bloku, krenki na vichwa vya silinda. Kiwanda cha Mexico kilitengeneza kobe wa mwisho mwaka 2003, lakini vipuri vya injini vinatengenezwa hata leo.

Sasa inakuja sehemu ambayo mafundi wengi wanairuka. Pistoni ikipanda inabana hewa na petroli katika chumba kidogo kilicho juu. Injini ya 1600 inabana mara 7.5. Silinda moja ina sisi 396, na chumba cha juu ni kama sisi 61. Jumlisha upate 457, gawanya kwa 61. Umepata 7.5. Sasa silinda yako mpya ina sisi 444. Ukiacha chumba kile kile cha 61, jumla ni 505. Gawanya kwa 61. Umepita 8. Katika gari jepesi si neno. Katika gari lenye makopo ya maziwa, mlimani, jua kali, petroli italipuka kabla ya wakati wake. Utasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya debe. Pistoni hutoboka hivyo.

Kwa hiyo chumba kiwe sisi 68. Utakipimaje? Chukua bomba la sindano, hata lile la kuchanjia ng'ombe. Laza kichwa cha silinda, chumba kikitazama juu, valvu na plagi zikiwa ndani. Funika kwa kipande cha kioo chenye tundu. Jaza mafuta ya taa ukihesabu. Halafu pima ni milimita ngapi pistoni inabaki chini ya ukingo wa silinda inapofika juu kabisa. Kila milimita 1 ni sisi 6.4. Jumlisha vyote viwili. Kikipungua, fundi akipanue chumba kwa mashine. Au weka pete nyembamba ya chuma chini ya silinda. Bomba hilo usilirudishe kwa ng'ombe.

Mahali pa kuweka fedha ni hapa: beringi mpya, kukereza vizuri, valvu mpya za kutolea moshi, na pampu nzuri ya oili. Kabureta ile ya 1600 inatosha, ila tundu la petroli lifanywe kubwa kidogo. Kabureta mbili, bomba la moshi linalonguruma na vifuniko vya kung'aa waachie vijana wa mjini. Na kabla ya kuanza, tenga theluthi moja ya fedha bila kuigusa. Injini ikifunguliwa huonyesha mambo ambayo hayakuonekana.

Kabla ya kufunga pistoni zipime kwa mzani wa duka. Tofauti isizidi gramu 10. Mshale ulio juu ya pistoni uelekee upande wa klachi. Nati za vichwa zikazwe kwa spana yenye kipimo, pole pole, kwa mpango. Skrubu zikivunjika katika bloku laini, kazi ni kubwa.

Halafu yale mabati yanayofunika injini. Mafundi wengi huyatupa wakisema yanaziba. Hapana! Mabati ndiyo yanayoongoza upepo kwenye mapezi. Yarudishe yote, pamoja na mpira unaozunguka chumba cha injini. Bila mpira huo feni inavuta hewa moto iliyokwisha tumika. Badilisha pia mipira ya petroli. Mpira wa zamani hupasuka, petroli inadondoka juu ya injini moto, na gari zima linateketea. Kobe wengi wamekufa hivyo.

Mkanda wa feni ukisukumwa kwa kidole gumba uingie kama milimita 15. Ukikatika, taa nyekundu itawaka. Simama hapo hapo. Usiseme "tutafika tu kijiji cha mbele." Bila feni hakuna upepo, na injini uliyoilipia itashika kabla hujafika.

Tazama breki pia. Gari likienda kasi zaidi kwa breki zilizochoka, huko mtelemkoni maziwa na watu wataingia korongoni. Breki zitangulie, injini ifuate. Klachi ndogo ya milimita 180 haifai injini hii, weka ya milimita 200.

Injini ikiisha kufungwa tia oili lita 2.5. Kwa kilomita 500 za kwanza usibebe mizigo mizito, wala usiikanyage sana. Kisha mwaga oili yote, safisha chujio la chini, tia mpya, pima tena valvu. Baada ya hapo kitabu cha gari kinasema ubadilishe oili kila kilomita 5,000. Kwa barabara zetu za vumbi mimi nasema 3,000. Oili chafu iliyomwagwa msiitupe kisimani wala mtoni. Pakeni nguzo za zizi, mchwa hawaipendi, lakini pakeni mahali ambapo ng'ombe hawalambi.

Vijana wa kikundi, pimeni puli kwanza, kisha mniandikie mmeona nini. Mwezi ujao tutaongea juu ya kupe na namna ya kuchanganya dawa ya josho.