Mke Mwenza Aliyekufa

Juma hili nataka kusema habari za kitabu cha Kiingereza kiitwacho Rebecca. Mwandishi wake ni bibi Mwingereza, Daphne du Maurier, nacho kilitolewa mwaka 1938. Alianza kukiandika huko Alexandria, nchi ya Misri, ambako mumewe alikuwa akitumika jeshini. Mwenye nia ya kukisoma mwenyewe na aishie hapa, maana siri yake yote nitaitoa.

Msichana mmoja yatima alikuwa akimtumikia bibi tajiri wa Marekani huko Monte Carlo. Hapo akaonana na Bwana Maxim de Winter, mgane aliyemzidi umri mara mbili. Mkewe wa kwanza, Rebecca, alisemekana amezama baharini. Wakaoana upesi, akampeleka Manderley, jumba lake kubwa la pwani huko Uingereza.

Mashaka yakaanza. Jina la bibi arusi huyu halitajwi hata mara moja katika kitabu kizima. La marehemu liko kila mahali, juu ya leso, ndani ya vitabu, vinywani mwa watumishi. Ni ukewenza kamili, ila mwenzake hayumo duniani. Bibi Danvers, mtumishi mkuu, alimpenda marehemu mno, na huyu mgeni hamtaki. Siku moja bibi mpya akavunja kisanamu cha kauri, akavificha vipande katika mtoto wa meza, hata mtumishi mwingine akasingiziwa. Tazameni, mwenye nyumba anamwogopa mtumishi wake! Akina mama walioolewa penye mama mkwe mkali watayafahamu hayo bila kuelezwa.

Na mume je? Kimya. Akisikia habari za marehemu hukunja uso, na mkewe hudhani kwamba anamlilia Rebecca moyoni. Kumbe sivyo! Mashua ya Rebecca ikaonekana chini ya bahari, na maiti yake ndani, ndipo Maxim akakiri. Alimpiga bastola kwa mkono wake, baada ya kuambiwa ana mimba ya mtu mwingine. Wala hakumpenda kamwe.

Hapa ndipo kitabu kinapotushika. Mke amesikia kwamba mumewe ni mwuaji, na moyo wake unafurahi: kumbe hakumpenda yule! Na msomaji, aliyekwisha kumhurumia tangu mwanzo, anafunua kurasa upesi upesi akitaka hakimu asigundue neno. Maxim anaokoka. Baraza la kuchunguza kifo lilisema Rebecca alijiua, na daktari wa London akaeleza kwamba alikuwa na kansa, tena hakuweza kuzaa. Ile mimba ilikuwa uongo.

Lakini ngojeni. Ubaya wa Rebecca tumeambiwa na nani? Wengine wanadokeza mawili matatu, ila shtaka lenyewe linatoka kinywani mwa mume aliyempiga risasi. Wazee wetu barazani wasingekata shauri namna hiyo, upande mmoja ukisema na wa pili umo kaburini.

Mwaka 1940 Alfred Hitchcock alitengeneza filamu ya hadithi hii huko Marekani. Kanuni za filamu za siku zile hazikukubali mume amwue mkewe asiadhibiwe. Basi katika filamu Rebecca anajikwaa, anaanguka na kugonga kichwa. Filamu ilisifiwa sana, hata ikapata tuzo kubwa ya huko, lakini mimi naona ilimwondolea mtazamaji mzigo ambao kitabu humtwika msomaji. Huyo Maxim wa sinema waweza kumpenda bila shida yo yote.

Kitabu ni kirefu, na sura za kwanza huenda polepole kama ng'ombe wa kulima. Mwenye Kiingereza cha kutosha na avumilie mpaka usiku wa dansi, bibi mpya anaposhuka ngazi kwa furaha, amevaa vazi aliloshauriwa na Bibi Danvers.