Safari ya Nchi ya Pili kwa Kibubu

Mhariri Mtukufu,

Wengi hudhani kwamba kusafiri nje na ahali ni anasa ya matajiri, ilhali sisi, watu wa maisha ya kadiri, tuliokuwa tukitia shilingi 200 kila juma katika kibubu tangu Mfunguo Mosi, tulivuka Likoni alfajiri, pasi zetu zikagongwa muhuri Lunga Lunga na Horohoro pasina kudaiwa ada ya viza, na baada ya adhuhuri tukawa Tanga kwa jamaa, tukila mkate wa kumimina, wala hoteli hatukuijua.

Kilichotuuma ni nauli, iliyopanda ghafula sikukuu ilipokaribia (na wanangu, masikini, hawapakatiki tena). Nawasihi wenye mabasi waitangaze mapema, tupate kukijaza kibubu kwa hesabu.

Wasalaam,
Msomaji wako, Mombasa