Malango ya Bunia Hayakuwa ya Mawe

Mwaka 1760 London iliuza malango yake ya kale, Aldgate, Cripplegate na Ludgate, yavunjwe kwa ajili ya vifaa vya kujengea. Yalikuwa yakibana magari ya farasi. Temple Bar lilivumilia hadi 1878, na lilipoondolewa, baada ya miaka miwili wenyeji walisimamisha nguzo ya ukumbusho pale pale. Berlin, baada ya kuvunja ukuta uliowatenga watu wake, ilipanga safu mbili za mawe barabarani kufuata ulikopita. Magari yanapita juu yake kila siku na hakuna anayekwazwa.

Bunia, mji wetu wa Ituri mashariki mwa Kongo, haikuwahi kuwa na ukuta. Malango yake yalikuwa bariera: gogo, kamba au pipa katikati ya barabara, na kijana mwenye bunduki pembeni. Katika vita vya Ituri vya 1999 hadi 2003 msafiri aliulizwa jina lake, na jina lilitosha kutaja kabila lake. Wako waliopita, wako walioambiwa wakae kando. Bariera hizo ziliondolewa, na leo pikipiki zinapita mahali hapo kwa kasi. Toleo hili lina hoja moja: mahali hapo pawekewe mawe yaliyochongwa.

Mambo makubwa ya vita vile yameandikwa, lakini yameandikwa mbali. Huko The Hague, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliwatia hatiani viongozi wa wanamgambo: Thomas Lubanga mwaka 2012, Germain Katanga 2014 na Bosco Ntaganda 2019. Katika mji huo huo, Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kurasa za hukumu hizo ni nyingi mno. Mtoto wa Nyakasanza au Mudzipela, hapa mjini, hatazisoma, ila jiwe lililo njiani kwake kwenda shule atalisoma, kisha atamuuliza bibi yake.

Pingamizi la kwanza ni zito. Mwaka 2017 majaji wa Mahakama ya Jinai walipoamua, katika kesi ya Katanga, fidia kwa waathirika 297 wa shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003, kila mmoja alipewa dola 250 za ishara, pamoja na misaada ya pamoja: makazi, elimu ya watoto, miradi ya kipato na matibabu ya kisaikolojia. Walipoulizwa kabla ya hapo, wengi wao hawakuvutiwa na shughuli za ukumbusho. Tunawaelewa. Aliyechomewa nyumba anadai nyumba. Kwa hiyo tunasema wazi: senti moja ya fidia isinunue jiwe. Gharama yake ni ndogo, na komine zetu zinaweza kuibeba.

Wengine wanasema jiwe litatonesha kidonda. Linaweza, likiandikwa kwa pupa. Jiwe linalotaja kabila la muuaji litageuka bariera nyingine. Sisi tunapendekeza maneno machache: mahali, mwezi na mwaka, na kilichotendeka hapo, katika Kiswahili ambacho kila upande utakubali kukisoma kwa sauti. Familia za waliozuiwa zikubali kwanza. Zikikataa, hakuna jiwe. Kazi ya kukubaliana maneno kumi, watu wa jamii zilizopigana wakiwa wamekaa meza moja, itakuwa ngumu kuliko kuchonga, na huenda ikawa na faida kubwa kuliko jiwe lenyewe.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wakimbizi walio kambini leo. Vita gani vimekwisha? Februari 2022 watu wa kambi ya Plaine Savo, Djugu, waliuawa usiku kwenye mahema yao. Mei 2021 mkoa uliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, na njiani bado watu wanasimamishwa na kutozwa. Basi tuanze na bariera ambazo zimekwisha kuwa historia. Kukumbuka bariera ya 2003 ni kuipa sura ile ya leo, ili anayeishika kamba ajue kwamba mahali anaposimama panaweza kuandikwa.

Tunashauri mawe ya kwanza yawekwe kwenye milango ya kukimbilia. Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na wanamgambo wakaugombania mji, maelfu ya raia walikimbilia kwenye uwanja wa ndege na kando ya makao ya MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na Juni askari wa Operesheni Artemis ya Umoja wa Ulaya, wakiongozwa na Ufaransa, waliingia mjini. Walionusurika hapo wengi wangali hai, nao wanajua ni wapi hasa walilala. Ni rahisi kukubaliana juu ya mlango uliofunguliwa kuliko juu ya mlango uliofungwa, na makubaliano ya kwanza yatafundisha ya pili.

Kurasa zinazofuata zina kumbukumbu za njia za mji huu. Msomaji, kama ulisimamishwa mahali fulani, tuandikie mahali na mwaka. Jina lako tutalificha ukitaka. Jina la aliyekusimamisha hatuliombi. Ramani itakayopatikana tutaipeleka kwa wakuu wa komine, na toleo lijalo litaeleza walichojibu.