Je, ni Dhambi Kubambua Ngozi kwa Dawa?
Swali hili dada zetu wameniuliza sana, na wengine wameshahukumiwa na wenzao kabla mchungaji hajajibu.

Mimi sioni dhambi. Daktari wa ngozi anakupaka asidi, mfano ya glaikoliki, tabaka la juu linalegea na kubambuka, ngozi mpya inatokea. Ni matibabu ya chunusi na madoa. Usichanganye na kujichubua ili uwe mweupe.

Lakini sikiliza. Ngozi yetu nyeusi ikiunguzwa kupita kiasi huweka doa jeusi zaidi, au kovu. Ndiyo maana daktari anayeijua huanza na dawa nyepesi, mara kadhaa, wiki zikipita katikati. Ile kali ya fenoli inaweza hata kuvuruga mapigo ya moyo. Sasa wewe unanunua chupa mtandaoni, unajipaka bafuni Jumamosi usiku ili Jumapili ung'ae? Huko ni kumjaribu Bwana.

Samweli alionywa nyumbani kwa Yese asiangalie sura. (Ingawa Biblia haikuficha kwamba Daudi alikuwa mzuri wa uso!) Basi tusimpime dada kwa madoa yake, wala kwa sababu ameenda kuyatibu.

Ukienda, mwambie daktari kama una mimba au umewahi kupaka krimu za kujichubua. Usimfiche, hata kama unaona aibu. Ukitoka, epuka jua, paka krimu ya kulikinga, na usibandue ngozi kwa kucha hata ikiwasha.