Waacheni na Karata Zao Ipogolo

Saa nne asubuhi pale Ipogolo, barabara ya TANZAM inapopita chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa, utawakuta vijana wa bodaboda na wabeba mizigo wameinamia benchi, karata mkononi. Na kwenye basi la Mbeya hakosekani abiria wa kuchungulia dirishani na kusema, "Ndiyo maana hatuendelei." Maneno hayo nimeyasikia msikitini, kanisani, kwenye vikao vya mtaa na redioni. Ni maneno ya uonevu, na yameachwa muda mrefu mno bila kujibiwa.

Kazi ya watu hawa ni kusubiri. Mwenye bodaboda hawezi kumfinyanga abiria. Lori la mbao kutoka Mufindi linafika likifika, na mpakuaji hana namna ya kuliharakisha. Tazama pikipiki zao: zimepangwa zikiangalia barabara, na basi likipunguza mwendo, karata zinafunikwa kifudifudi na benchi linabaki tupu kabla konda hajafungua mlango. Karani anayesubiri faili ofisini huku akiperuzi simu yake haitwi mzururaji. Ana kiti na paa, basi heshima yake iko salama.

Dhana kwamba asiye na ofisi ni mzururaji ina historia chungu. Mwaka 1983 nchi ilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, na katika msako wake watu wa Dar es Salaam walikamatwa mitaani na kupelekwa mashambani kwa kosa la kutokuwa na kazi. Wengi wao walikuwa wachuuzi, yaani watu waliokuwa kazini, ila kazi yao haikuwa na kitambulisho. Wengi walirudi mjini. Mwaka 2016 Rais Magufuli naye aliwataka wakuu wa mikoa kuwashughulikia vijana wanaocheza pool asubuhi. Miaka zaidi ya 30 imepita kati ya mawili hayo na bado tunaamini kwamba umaskini unaletwa na mchezo, si na uhaba wa abiria.

Sasa sogea karibu na benchi. Wanacheza wahedusitini, wanne, wawili kwa wawili, kila mmoja akimkabili mwenzake. Pointi zote ni 120, na kundi likifikisha 61 limeshinda. Ree ni pointi 11, saba ni 10, mfalme ni 4 tu. Kopa zimetupwa. Mpinzani wa kwanza ametoa kopa ndogo, mwenzako ametoa ree, mpinzani wa pili naye hana la maana. Zamu ya mwisho ni yako, na mkononi una saba ya kopa. Mgeni wa mchezo huikumbatia saba hiyo, kwa kuwa ni kubwa na ni yake. Mzoefu anaiweka mezani mara moja, wanakula pointi 21 kwa mkupuo, zaidi ya theluthi ya zile wanazohitaji. Saba iliyofichwa mara nyingi huishia kukatwa na turufu, na hasara ni ya wawili.

Haya yote yanafanyika bila kuambizana. Kukonyeza ni wizi, na mwizi anaondolewa kwenye benchi. Unatakiwa ukumbuke turufu zilizokwisha kutoka, usome hali ya mwenzako kwa alichotupa, na ukubali kutoa kikubwa chako ili sifa imwendee mwingine. Kikoba chochote kinachodumu kinaendeshwa na watu wenye tabia hizo hizo, nasi tunalipia semina kuzifundisha.

Vijana wachache wamehamia kwenye karata za simu, ambako wachezaji huunda vikundi na kupigana kikundi kwa kikundi. Katika baadhi ya michezo hiyo kila mwanachama ana idadi maalumu ya mashambulizi, na ya asiyejitokeza yanapotea. Ndiyo maana kikundi chenye matajiri wawili na walalaji kumi huangushwa na watu wa kawaida wanaofika wote. Somo ni lile lile la benchi. Tofauti ni kwamba simu inakuuzia pakiti ya kadi ambayo hujui ndani yake kuna nini, na hapo ndipo mfuko unapotoboka. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya bahati ya namna hiyo yanayouzwa ndani ya baadhi ya michezo ya kompyuta ni kamari.

Wanaolaani benchi husema kamari huanzia hapo. Pakiwekwa fedha mezani, sawa, hiyo ni kamari na siitetei. Lakini benchi nililolieleza halina fedha. Anayefungwa anasimama na kumpisha mwingine. Fedha za vijana zinamezwa na dubwi, ile mashine ya sarafu iliyowekwa kwenye kona ya duka, na mikeka inayobetiwa kimya kimya kwa simu. Dubwi halina mwenza wa kumtupia saba. Halikumbuki chochote, halimfundishi mtu kuhesabu, na limepangwa ili mwenyewe abaki na faida. Sheria inakataza aliye chini ya miaka 18 kucheza, lakini mara ngapi umemwona mtoto wa shule na sare yake amesimama mbele ya dubwi, na sisi watu wazima tukampita tukiwahi kuwasema wenye karata?

Mgambo wakishuka tena kusafisha vijiwe, waanze na kona hiyo ya duka. Na halmashauri inayokusanya ushuru kwenye mizigo ambayo vijana hawa wanaipakia na kuipakua iwajengee kibanda chenye paa, maana benchi lao liko juani na mvuani.