"Mimi si roboti": kufuli gani inafaa fomu za mtandao huku Fizi na Baraka?

Vijana wa Baraka wanaotafuta kazi kwenye mashirika wanakijua kile kisanduku. Umejaza jina, umeweka CV, umefika chini kabisa ya fomu, unaambiwa uthibitishe kwamba wewe si roboti. Halafu zinakuja picha: chagua zenye taa za barabarani, chagua zenye bomba la zimamoto. Rezo inakatika, picha zinagoma kufunguka, mega zinaisha, na fomu unaianza upya.

Lakini kinga yenyewe ni ya lazima. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaza fomu za watu matangazo ya uongo. Kama sanduku la malalamiko la shirika limejaa takataka hiyo, ujumbe wa mama wa Lusenda aliyesahauliwa kwenye orodha ya msaada unapotelea humo. Kwa hiyo swali kwa mashirika, shule na vyama vyenye tovuti ni hili: kufuli gani inazuia mwizi bila kumfungia nje mwenye haki?

Kufuli ya picha

Jina la kapcha lilitoka chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Leo zinazojulikana zaidi ni reCAPTCHA, iliyonunuliwa na Google mwaka 2009, na hCaptcha. Kuziweka ni rahisi, ila picha zake ni nzito kwa rezo yetu, na vitu vinavyoonyeshwa mara nyingi ni vya barabara za Marekani. Tena reCAPTCHA inapeleka habari za mtumiaji kwa Google. Code du numérique ya Congo, ya tarehe 13 Machi 2023, inadai data za watu zilindwe. Na huku kwetu, kujulikana nani alilalamika kunaweza kumletea mtu hatari.

Kufuli zisizo na picha

Cloudflare ilileta Turnstile mwaka 2022. Mara nyingi hauchagui picha yoyote. Inapima kimya kimya namna simu yako inavyofanya kazi. Shida iko kwenye anwani. Kampuni za simu zinaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, basi mmoja akiharibu, wote wanashukiwa. Cloudflare yenyewe iliandika mwaka 2025 kwamba anwani za namna hiyo zinazuiliwa kupita kiasi.

Friendly Captcha na ALTCHA zinaenda njia nyingine: simu yenyewe inafanya hesabu ndogo, mtu hasumbuliwi. ALTCHA unaweza hata kuiweka kwenye seva yako mwenyewe. Simu ya zamani itachelewa kidogo, basi hesabu isiwe ngumu mno.

Mwisho kuna mtego wa bure: nafasi iliyofichwa ndani ya fomu. Mtu haioni, roboti inaiona na kuijaza, inajifunua. Hauli mega. Hautamzuia mwizi aliyekulenga wewe hasa, lakini tovuti ndogo mara nyingi inasumbuliwa na roboti za kupita tu.

Basi tuchague nini?

Kwa tovuti ya chama au shirika la huku, tungeanza na mtego, pamoja na kikomo cha mara ngapi fomu inaweza kutumwa kwa saa. Kikomo hicho kisiwe kidogo mno, juu ya hizo anwani zinazoshirikiwa. Takataka zikizidi, ongezeni kufuli ya hesabu. Picha ziwe za mwisho kabisa.

Na msiache mlango mmoja tu. Fomu ya malalamiko iwe na namba ya simu pembeni, kwa asiyeona vizuri, asiyesoma, au mwenye simu ndogo isiyo na intaneti.

Kabla ya kutangaza fomu, ijaribuni kwa simu ya bei ya chini kabisa ya soko la Baraka, jioni, wakati rezo ni nzito. Ikipita hapo, itapita popote Fizi.