Siyo Husuda, Ni Bushi: Tela Limepigwa Rangi, Chini Kumeoza

Haya wadau, ubuyu wa wiki hii hauna mchepuko, hauna mimba ya siri wala meseji zilizovuja. Una bushi. Ndiyo, bushi za springi, zile za chini ya gari. Usiondoke, maana zimeumiza mtu.

Yupo mrembo mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, anaishi pande za Tegeta. Filamu zimekuwa za kutafuta kwa tochi, madili ya matangazo yamepungua, mtoto wa kike akajiongeza: akanunua tela la msosi. Si jipya. Lilikaa nje kwa mwenyewe wa kwanza, likinyeshewa na kupigwa na upepo wa chumvi wa pwani. Ni tela la kuchomelewa mtaani, ekseli moja iliyotolewa kwenye gari kuukuu, springi za pleti kulia na kushoto, boksi la bati juu. Wazo zuri. Mjini hapa anayehangaika apewe maua yake.

Fundi wa mtaani akaitwa nyumbani. Akalala chini ya tela, akatoka na jibu fupi: "Dada, juu kuzuri ila chini kumeisha. Bushi zimelika mpaka pini inasaga chuma, na pleti moja ina ufa. Tubadilishe kabla halijaingia barabarani."

Dada akamjibu: "Fundi wangu, hayo nani anayaona? We piga rangi kwanza, mengine tutajua mbele ya safari."

Basi rangi ikapigwa. Pinki ya kuumiza macho, picha ya mwenye tela ubavuni, taa za kuwaka na kuzima, spika mbili, MC wa kukodi, kijana wa droni. Bushi na pini, ambazo zote pamoja hazifiki posho ya MC, zikaachwa mbele ya safari. Na mbele ya safari pakafika mapema.

Uzinduzi ulipangwa Mbagala. Tela likafungwa nyuma ya Noah, likavuka jiji zima na pipa la maji, mitungi ya gesi, jenereta, ndoo za mafuta, na ndani yake binti wa kazi aliyepewa kazi ya kushika masufuria yasianguke. Kwenye tuta moja la Barabara ya Kilwa pini ya springi upande wa kushoto ikakatika. Ncha ya springi ikachomoka, boksi likakalia tairi, tela likaegemea kama mlevi. Bodaboda aliyekuwa pembeni alipona kwa kukimbilia mtaroni. Mtungi mmoja uliangukia mkono wa yule binti. Alishonwa.

Jioni staa akaingia laivu, miwani nyeusi usoni, sauti ya kulia. "Husuda jamani. Watu hawataki kuniona nasonga mbele." Mashabiki wakamiminika: pole mama, roho mbaya za watu, Mungu atawaaibisha, nenda kaombewe. Maelfu ya mioyo myekundu. Kuhusu binti na mkono wake, kimya. Kuhusu fundi, neno moja tu: "Mafundi wa mtaani watatuua."

Hapo ndipo pa kusimama. Maana hapo uongo ulikuwa wawili, na wote umepokelewa kwa makofi.

Uongo wa kwanza ni wa husuda. Bushi haihitaji mganga ili ife. Springi ya pleti ina jicho kila ncha, ndani ya jicho kuna bushi, na katikati ya bushi inapita pini. Tela likiruka tuta, springi inanyooka na kujikunja, na ncha yake ya nyuma inabembea kwenye vipande viwili vya chuma vinavyoining'iniza. Bushi ipo hapo ili pini isisuguane na chuma. Kwenye matela mengi mepesi bushi hiyo ni ya plastiki, haipati grisi, na mchanga ukiingia inaisha kama sabuni. Ikiisha, pini inaanza kula jicho la springi na springi inakula pini. Kila siku kidogo. Ekseli inakosa msimamo, tairi linakaa upande na kulika ubavu mmoja, tela linaanza kuyumba nyuma ya gari. Halafu siku moja, tuta moja, kwisha. Hicho ni chuma kilichokonda mbele ya macho ya mwenyewe.

Na mzigo nao hausameheani na mtu. Maji lita 200 ni kilo 200 kamili, hujaweka pipa. Ongeza mitungi ya gesi, jenereta, jiko la chuma, friji, viti. Yote yamekaa juu ya ekseli iliyoundwa kubeba sehemu tu ya gari dogo na abiria wake. Halafu barabara zenyewe ni zile zile: ukitoka lami ya Tegeta au Mbagala unaingia kwenye mashimo, mchanga na makorongo ya masika. Mtu akitaka kujua nani alimroga, aanze na pipa.

Uongo wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu unamwangukia asiye na wafuasi. Fundi wa mtaani ndiye aliyelala chini akaona ufa. Fundi wa mtaani ndiye aliyesema tubadilishe. Aliyekataa ni bosi. Leo inaimbwa kwamba tatizo ni gereji bubu, kazi za nyumbani, mafundi wa chini ya mwembe. Hapana. Springi ya tela ni katika kazi rahisi kuliko zote za magari. Haina kompyuta, haina sensa. Inafanyika vizuri kabisa uani kwa mtu, ilimradi anayeifanya ana vifaa na anayelipa ana akili.

Ushahidi? Upo Temeke. Kuna msanii mmoja wa Singeli, naye jina kapuni, ana tela la kubebea spika za shoo za uswahilini. Juzi kati alipigwa picha uani kwao, kaptula imejaa grisi, yuko chini ya tela na fundi wake. Picha ikasambaa na maneno ya kejeli: kafulia, kawa fundi, ngoma zimegoma. Watu walicheka siku mbili nzima.

Angalia vizuri hapo. Aliyepuuza bushi mpaka mtoto wa watu akashonwa kapewa pole. Aliyejilaza chini kuzibadilisha kapewa matusi. Mjini kumekuwa na akili za namna gani?

Na kazi iliyofanyika uani pale Temeke ni ya kuigwa, hatua kwa hatua. Kwanza tela lilipakuliwa lote, hakuna spika wala jenereta juu. Magurudumu yakawekewa vizuizi. Kwa kuwa udongo wa pale ni mchanga, jeki ikawekewa ubao mpana chini isizame. Tela lilipoinuka, fremu ikakalishwa kwenye stendi za chuma. Hayakutumika matofali. Tofali la saruji hupasuka ghafla bila kutoa onyo, na mafundi wa jiji hili wanajua ni nini hutokea kwa aliye chini yake.

Kisha wakafungua upande mmoja tu, wakaumaliza, ndipo wakahamia wa pili. Ukifungua pande zote kwa pamoja ekseli inaondoka mahali pake na kuirudisha ni kazi ya kutoa jasho la damu. Springi zikabadilishwa mbili, ingawa iliyochoka ilikuwa moja, kwa sababu springi mpya kulia na mzee kushoto ni tela linalochechemea. Yubolti za zamani hazikurudishwa, maana zikishakazwa mara moja huwa zimevutika.

Halafu wakafanya kile hasa kinachostahili kuitwa kuboresha. Bushi za plastiki wakazitupa, wakaweka za shaba zilizochongwa kwa kipimo. Mafundi wa kuchonga vyuma jiji hili hawajaisha, Gerezani wamejaa. Pini zikawa zile zenye tundu katikati na nipo ya kupigia grisi, na tundu la kutolea grisi likaelekezwa pembeni, kwa sababu likikaa upande unaobeba uzito linazibwa na grisi haitoki. Vile vipande vya kuning'inizia springi vikawekwa vya chuma kinene zaidi, vikakazwa kiasi cha kubaki vinabembea. Baada ya safari ya kwanza nati zote zikapitiwa upya. Sasa kila baada ya muda ni grisi mpaka uchafu wa zamani utoke, basi.

Kazi ya Jumamosi moja. Hakukuwa na droni.

Sasa waje wale wa njia za mkato, maana nao wapo. Kuna wa "ongeza pleti tu." Pleti ikiongezwa springi inakuwa ngumu na tela linainuka, linapendeza kwenye picha. Lakini ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, tairi ni lile lile. Hakuna kilo hata moja ya uwezo iliyoongezeka hapo, mzigo umepelekwa tu kukivunja kitu kingine. Kuna na wa "chomelea huo ufa." Chuma cha springi kimepikwa kwa moto wa kipimo ili kiwe na mnyumbuko. Ukikipiga moto wa kuchomelea, pale pembeni ya weldi kinakuwa kikavu kama biskuti. Kitakatika tena, na safari hii kitakatika barabarani. Springi yenye ufa ni ya kwenda kwa wauza vyuma chakavu.

Na kuna wa "hela hamna." Huyu asikilizwe kwa heshima, maana maisha ni magumu na si kila mwenye tela ni staa. Mama anayeuza supu Tandika kwa tela la kukopea hawezi kununua kila kitu kwa mkupuo. Sawa. Lakini hata yeye anaweza kuanza na bushi na pini mwezi huu, springi mwezi ujao, na kupunguza maji kwenye pipa kwa kuyanunua afikapo. Huyo akikosa, kakosa kweli. Aliyelipa MC, droni na taa za rangi hana ruhusa ya kuazima umaskini wa mama huyo ili ajifiche nyuma yake. Hela ilikuwepo. Ilikwenda kwenye kinachoonekana.

Huo ndio ugonjwa wenyewe, na mastaa wameusambaza mjini kama mafua. Gari lina rimu za kung'aa, shokapu zinavuja mafuta. Nyumba ina geti la maua, choo kinafurika. Mtu anabadilisha simu kila mwaka na bushi za gari tangu limetoka Japani ni zile zile. Na vijana wa Kinondoni na Temeke wanaangalia, wanajifunza kwamba kuboresha maana yake ni kupaka. Hapana. Kuboresha kunaanza pale ambapo kamera haifiki.

Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu mwaka 1973, na inataka chombo kinachoingia barabarani kiwe kizima, na tela lisihesabiwe kama kibanda cha chipsi chenye magurudumu. Lakini kabla ya trafiki na kabla ya sheria, kuna yule binti. Hakuwa na haki ya kukaa ndani ya tela linalotembea, na hakuna aliyemwambia ashuke. Alitumwa kushika masufuria kwa sababu bosi wake alikuwa anajua, ndani ya moyo wake, kwamba tela linaruka. Angekuwa hajui asingemweka mtu wa kushika.

Kwa hiyo pole zote zile zilizomwagika kwenye laivu zirudishwe, zipelekwe kwenye anwani sahihi: kwa binti mwenye nyuzi mkononi, kwa bodaboda aliyelala mtaroni, na kwa fundi aliyesema ukweli akachafuliwa jina. Dada yetu wa Tegeta hahitaji maombezi. Anahitaji kumlipa binti matibabu, kumwomba fundi radhi, na kumwita tena alale chini ya lile tela la pinki.

Safari hii amsikilize kabla ya kuuliza rangi.